Filamu Ambayo Bibi Hakuwahi Kuimaliza

Nyumba yetu ya mtaa wa Al Baraha, Uarabuni, ilinukia iliki na ndimu kavu, maana Babu alishinda kwenye duka lake la viungo sokoni Al Ras na akirudi alikuja na harufu ya magunia yake. Nilikuwa na miaka tisa. Kiangazi kile joto lilitufungia ndani, na kila Ijumaa baada ya chakula Bibi aliweka filamu ile ile ya zamani ya Kihindi, isiyo na rangi, yenye mikwaruzo kama manyunyu ya mvua. Ilimhusu mwimbaji wa jukwaani aliyependwa na kijana wa ukoo mkubwa, ukoo uliomtaka achague: ndoa au nyimbo. Bibi alinifasiria kila neno. Lakini mwimbaji alipofika barazani mwa ukumbi, gari la mchumba likimngoja, Babu alisema, "Khalas, zimeni," na Bibi akazima.

Udadisi ulinizidi. Siku moja Babu akiwa dukani nilimuuliza Bibi mwimbaji alichagua nini.

"Sijui, mjukuu wangu. Hata tulipoitazama sinema kule Unguja, tulitoka ilipofika hapo hapo. Babu yako alininong'oneza kuwa yeye hataki mke wa jukwaani, nami nikainuka nikamfuata."

Ndipo nilipojua kwamba Bibi alikuwa mwimbaji wa taarabu.

"Mbona huitazami peke yako?"

"Naogopa. Nikimwona kachagua nyimbo na kafurahi, mimi nitafanyaje?"

Ijumaa iliyofuata Babu aliposema khalas, niliikalia rimoti. "Babu, mimi nataka kujua."

Alinikazia macho, kisha akaiacha iendelee. Mwimbaji aliufunga mlango wa gari, akarudi ndani, akaimba huku analia. Gari likaondoka. Filamu ikaisha hivyo, bila kutuambia kama alifurahi. Bibi alibaki akitazama kioo cheusi, halafu akaanza kuimba, kwanza chinichini, kisha kwa sauti pana iliyonisisimua mwili.

"Kumbe bado unayo," Babu alisema.

"Ilikwenda wapi?"

Babu aliinamisha kichwa. Baadaye akasema, "Ile harusi ya mtaa wa Rashidiya, ukaimbe. Inshallah."

Akaimba. Wanawake walipiga vigelegele hadi wakakauka makoo. Nilipotoka kunywa maji nilimkuta Babu ameegemea ukuta nje ya ukumbi wa wanawake, macho kayafumba, anasikiliza.

Siku hizi simu yangu hunipa mwisho wa filamu yoyote kabla chai haijapoa, na wenzangu hudhani kuujua mwisho ndiyo kuijua hadithi. Babu ameshatangulia mbele ya haki. Juzi nilimuuliza Bibi kama anajuta kuinuka siku ile kule sinema. Alinitazama kama mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

"Nilimpenda," akasema, "na nilitamani kuimba kila siku ya Mungu. Usiniambie nichague moja."