Saini Yangu kwenye Daftari la Mwalimu Salome

Nianze na gharama, maana kitu nisichojua bei yake hata hadithi yake sisikilizi: mkasa huu uliniaibisha mbele ya wazazi themanini na wawili (niliwahesabu mara mbili tukisubiri kikao kianze), na unaelekea kumgharimu mwenzangu cheo anachokistahili kuliko mimi.

Shule yetu ni ya binafsi, hapa Chang'ombe, na tangu Januari ina wakuu wawili. Mwalimu Salome anamuuguza mama yake kule Makole, siku zote tano haziwezi, basi mkurugenzi akakubali tugawane kiti kwa majaribio: mimi Jumatatu hadi Jumatano, yeye Alhamisi na Ijumaa (ile siku yangu ya tatu niliigombania kama mtu anayenunua mbuzi mnadani). Sharti lilikuwa moja, daftari la makabidhiano: anayetoka anaandika, anayeingia anasoma na kutia saini.

Sasa Jumatatu hii nilichelewa, kengele imeshalia, nikakuta kurasa tatu za mwandiko wake, nikazihesabu, nikatia saini, nikatoka kukagua mistari. Darasa la saba namkuta Baraka kavaa ndala. Nafasi ya kujieleza sikumpa, nikamrudisha nyumbani, na siku hiyo ndiyo walikuwa na mtihani wa majaribio.

Kesho yake kikao cha wazazi, mama yake akasimama, taratibu kabisa.

"Samahani walimu wangu. Nauliza tu, mkuu wa shule ni yupi? Wa Ijumaa kaona kidonda cha mwanangu, kasema avae ndala. Wa Jumatatu kamfukuza kwa ndala hizo hizo."

Hapo ningeomba radhi ningelipa kidogo. Mimi nikaanza kupatana bei. "Mama, sikuarifiwa," nikasema, na macho yote yakamgeukia Salome.

Hakubisha. Alimpa mkurugenzi daftari, naye akasoma kwa sauti: Baraka ana kidonda mguuni, avae ndala wiki mbili. Chini yake saini yangu, wino umekolea.

"Mwalimu Lameki, hii ya nani?"

"Yangu."

"Ulisoma?"

"Nilihesabu kurasa."

"Kumbe tuna mkuu wa kurasa," akasema baba mmoja nyuma, na ukumbi mzima ukacheka, mpaka mlinzi mlangoni.

Nikadhani aibu imeishia hapo. Baada ya kikao mkurugenzi akatuita: kachoka na wakuu wawili, anataka mmoja wa siku tano, na kwa kuwa Salome haziwezi, nichukue mimi, yeye abaki na vipindi vyake. Jibu Ijumaa.

"Lakini kosa ni langu," nikamwambia.

"Najua. Ila wewe unapatikana."

Nje nikamwambia Salome nitakataa.

"Ukikataa ataleta mtu wa nje," akajibu bila kunitazama. "Huyo ruhusa ya kumpeleka mama kliniki nitamwombaje? Wewe kubali, ila uwe unasoma."

Kusaini nisichokisoma, basi tena, nimekoma. Lakini leo Jumatano, na jibu sina. Nikikubali, nimezawadiwa kwa kumwangusha mwenzangu; nikikataa, namwacha mikononi mwa asiyemjua. Nyie mngekuwa mimi, keshokutwa mngemwambia nini mkurugenzi?