Jiko Lililomlilia Mwenyekiti

Stepanida alijifunza kujenga majiko ya matofali kwa kumbebea baba yake udongo. Vita vilipomchukua baba huyo, mzee Yegor, pamoja na kila mwanaume wa kijiji cha Zaruchye aliyeweza kutembea, majiko hayakusubiri amani. Yalipasuka tu kama kawaida yao. Msichana wa miaka kumi na tisa akafunga kitambaa kichwani, akapanda paani. Kufikia mwaka 1951 alikuwa amejenga majiko thelathini na moja, na wazee wa kijiji walilala juu ya majiko hayo, mapana kama vitanda, kila usiku wa baridi, migongo ikiwa moto. Hata hivyo walimwita Styoshka, kama mtoto wa kutumwa maji. Shukrani za binadamu ndizo hizo.

Mwaka huo shamba la ushirika lilikuwa likijenga nyumba ya uzazi, nayo ilihitaji majiko matatu ya kupasha joto. Stepanida aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Mama yake alimzaa katika baridi kali ya Januari kwenye kibanda cha kuogea, bila moto wa maana, na hakupona. Lakini mwenyekiti wa ushirika, Kuzma Lukich, alikuwa akisema ataleta fundi mwanaume kutoka mjini.

"Styoshka, mjengee kwanza mama yangu jiko," alimwambia. "Likijaza moshi ndani, basi tena, tusisumbuane."

Alijenga siku sita. Siku ya kuwasha moto wa kwanza fundi huandaliwa meza, na mama yake Kuzma, aliyeitwa Fetinya, alioka pai kubwa ya samaki. Moshi ulipanda dohani bila shida. Ndipo Kuzma akainua glasi mbele ya wageni.

"Nisingemsimamia huyu Styoshka, sasa hivi tungekuwa tunakohoa."

Mtu ambaye hajawahi kushika tofali maishani mwake! Stepanida alimalizia pai yake, akafuta mdomo.

"Ngoja nikaikague dohani mara ya mwisho," alisema, kwa upole ambao ungemtia wasiwasi mtu mwenye akili.

Asubuhi upepo wa mtoni ulipovuma, jiko lilianza kulia, uuuu, kama mbwa aliyefungiwa nje. Kuzma alichungulia ndani, akaligonga, akalitukana. Mama yake alicheka huku ameshika mbavu.

"Kakutilia shingo ya chupa kwenye dohani, mwanangu, upepo ukiipuliza inalia. Yegor naye alimfanyia babu yako hivyo hivyo. Kwani jana mezani ulimwitaje?"

"Styoshka. Nimwiteje tena?"

"Haya, kaa na kilio chako."

Kuzma akaenda kwa Stepanida mchana kweupe, kofia mkononi, wanawake wote wa kisimani wakimtazama. Stepanida alikuwa uani akikanyaga udongo. Alijua mzaha ule ungeweza kumkosesha majiko yote matatu.

"Styoshka, jiko linalia."

Hakugeuka.

"Stepanida."

Aliendelea kukanyaga.

Kuzma akasogea karibu. "Stepanida Yegorovna," alisema, jina lake pamoja na la baba, kama anavyoitwa mtu mzima mwenye heshima zake. "Tafadhali."

"Abee, Kuzma Lukich. Si ungesema mapema? Ngoja ninawe miguu."

Dohani ikanyamaza siku hiyo hiyo, na fundi wa mjini hakutajwa tena.

Nyumba ya uzazi ilifunguliwa baridi ilipoanza, majiko yote matatu yakiwaka. Kijiji kizima kilijazana ukumbini, na Kuzma akasimama kuhutubia.

"Ndugu zangu, mimi nilipoisimamia kazi hii..."

"Uuuuu," wakalia wanawake wa benchi la mbele, mama Fetinya akiwaongoza.

Mwenyekiti akakohoa. Akavuta shati lake, akaanza upya.

"Majiko haya yamejengwa na Stepanida Yegorovna."

Stepanida alikuwa ameegemea jiko la katikati, joto likimwingia mgongoni. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine yalikuwa ya kumlilia mama yake.