Rimoti Iliyokwenda Hadado

Mume wangu alikufa akiwa na rimoti ya deki yetu ya video mfukoni. Alikuwa dereva wa lori la mifugo, na safari hiyo alikuwa amekwenda Hadado kupakia mbuzi. Homa ilimshika siku ya pili. Siku ya nne walimzika huko huko kabla ya adhuhuri, maana kutoka Hadado hadi Garissa ni mbali na joto halimsubiri mtu. Waliomwosha walikuwa watu wema. Walizitoa nguo zake sadaka siku ile ile, na hakuna aliyepapasa mifuko. Mimi nililetewa saa yake, leseni yake na kofia. Rimoti ilikwenda na shati.

Nimemfikiria mara nyingi mchungaji aliyepewa shati lile la buluu. Namwona amewaelekezea ngamia rimoti, anabonyeza, na ngamia wanaendelea kutafuna. Natumaini angalau aliifungua ile nailoni. Mume wangu aliifunga rimoti kwa nailoni na mpira wa ndani ya tairi kwa ajili ya vumbi, na alikuwa akiifunga vizuri kuliko alivyofunga mlango wa choo.

Nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Siku ya tatu ya msiba nyumba ilijaa wanawake, mmoja amenishika bega ananisomea, nami naitikia amin, lakini kichwani nilikuwa najiuliza kama yule dada alimfungulia kaka yake mlango.

Ilikuwa filamu ya Kihindi. Tulikuwa tumeiona nusu, mimi na mume wangu. Kaka amerudi baada ya miaka mingi, mvua inanyesha, anagonga. Dada yuko ndani na anaamini kwamba huyo kaka ndiye aliyempiga baba yao risasi. Ameweka mkono kwenye komeo. Hapo umeme wa mji ukakatika. Tulikaa gizani tukisubiri, haukurudi. Mume wangu akasema, "Tutamaliza nikirudi. Usiiguse bila mimi." Kesho yake mimi nilishinda kwa dada yangu, na niliporudi jioni lori lilikuwa limeshaondoka. Sikuigusa. Nilikuwa mke mtiifu kwa mambo madogo.

Hata kama ningetaka, nisingeweza kuigusa. Deki hiyo tuliinunua sokoni Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mtu aliyeitorosha kutoka Kismayu ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Njiani ilipigwa usoni, na batani zote zikazama ndani, ikabaki moja tu ya kuwasha na kuzima. Kucheza kanda, kusimamisha, kurudisha nyuma, hata kuitoa, yote yalifanywa kwa rimoti. Kwa kawaida rimoti hiyo ilikaa juu ya televisheni, chini ya kitambaa cha kushonwa. Kwa nini safari ile aliondoka nayo, sikujua. Nilidhani ni kusahau. Mifukoni mwake niliwahi kufua misumari, sukari na jino la mbuzi.

Basi kanda ikabaki tumboni mwa deki, na mimi nikabaki ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna hina, hakuna kutoka nje ya ua. Mama mkwe wangu, ambaye siku zote aliishi nasi katika chumba cha pili, aliifunika televisheni kwa shuka na kuigeuza uso ukutani, kana kwamba nayo ilikuwa imefiwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye tasbihi nyeusi ambayo haikutoka mkononi hata alipokuwa akimtukana paka.

Mwezi wa kwanza ulipita. Mwezi wa pili mwenye duka la kukodisha kanda alikuja langoni. Hakuingia, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani. Alikohoa, akatoa pole juu ya ua, akatoa pole tena, na katika pole ya tatu akachomeka neno kuhusu kanda yake. Alisema hadai kodi ya siku zilizopita, hilo amesamehe, ila kuna watu wanaingoja. Mama mkwe alimjibu kwamba hii ni nyumba ya msiba, akamfukuza kwa adabu.

Nikaona mlango wangu hapo. Nilimwambia mama mkwe kwamba kanda haiwezi kutoka bila rimoti, na kwamba kuna rimoti siku hizi zinazofanya kazi na mashine yoyote. Tutafute moja.

"Nyumba ya msiba haina sinema," alisema.

"Si sinema, Hooyo," nilisema, kama tunavyomwita mama. "Ni amana. Mwanao aliichukua kwa mkono wake."

Nikamwongezea, na hadi leo naona haya kidogo, "Maswali yake ya kaburini yanamtosha. Unataka aulizwe na la kanda?"

Aliniangalia kwa muda mrefu. Nilidhani anapima dini yangu. Kisha alisema atamwita mwanamke wa vitu vya Dubai, lakini aliinuka taratibu mno kwa mtu ambaye goti lake halikuwa na shida yoyote siku hiyo. Ilimchukua siku nne kumwita mwanamke aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Mwuzaji huyo alikuwa akizunguka majumbani na beseni kichwani, na ndani ya beseni kulikuwa na mitandio, chupa za chai, saa za ukutani zenye picha ya Makka na chochote kilichoshuka kwenye lori wiki hiyo. Kwa mwanamke aliye edani, soko lilikuwa ni yeye. Aliketi mkekani, akanywa chai ya maziwa ya ngamia, akanilazia rimoti tatu mbele yangu.

"Hizi ni za kila kitu," alisema. "Televisheni, deki, redio, hata feni. Unaiambia tu nani wa kumtawala."

Mama mkwe aliichukua ya kwanza, kubwa, yenye batani za rangi zote. Aliikagua jinsi alivyozoea kukagua mbuzi mnadani: akaipima uzito, akafungua mgongo, akanusa mahali pa betri, akavuta batani moja kuona kama ni imara.

"Na mke wa mwanangu inamtawala?"

"Hiyo bado haijafika, Hooyo."

"Ikifika niwekee mbili. Moja itachakaa haraka."

Mwuzaji alisema hiyo ya rangi ndiyo kila mtu anaitaka. Mimi niliitazama upande wa mbele, batani moja moja. Ilikuwa na namba, sauti na stesheni. Mishale miwili ya kurudisha na kupeleka mbele haikuwepo, wala batani ya kutoa kanda. Nikasema hiyo ni ya televisheni tu.

"Nani amekwambia?" mwuzaji aliuliza.

"Televisheni hairudi nyuma, abaayo, dada yangu."

"Shule," alisema mama mkwe, kwa sauti ambayo watu wengine hutajia ugonjwa. Nilikuwa nimefika darasa la saba.

Ya pili ilikuwa nyembamba, pembeni ina dhahabu ya kupaka. Mishale ilikuwepo. Lakini haikuwa na karatasi, na nilishasikia kwamba rimoti za aina hii zina karatasi ya namba, kila mashine na namba yake, na bila hiyo ni sawa na kipande cha sabuni. Mwuzaji aliapa kwamba karatasi ipo nyumbani. Nikamwambia aiache rimoti ikae na karatasi yake.

Ya tatu ilikuwa mbaya. Ya kijivu, nene kama kandambili, mgongo umeshikiliwa kwa utepe wa kubandika. Mishale ilikuwepo, batani ya kutoa kanda ilikuwepo, na karatasi ilikuwa imekunjwa ndani ya mgongo wenyewe. Nilipoichagua, mwuzaji alikasirika kidogo. Nadhani aliileta ili zile mbili zionekane nzuri. Tulimpa chupa mbili za samli, akaondoka akisema kwamba mjane akichagua sura mbaya ni dalili njema.

Betri tulizitoa kwenye tochi ya mama mkwe. Tukaigeuza televisheni, tukaondoa shuka. Ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri, umeme ukiwepo. Nilisoma karatasi kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, majina yote ya mashine kutoka juu hadi chini, na jina la deki yetu halikuwemo. Sijaliona jina hilo popote tena maishani mwangu. Lakini mwisho wa karatasi palikuwa na njia ya wasio na jina. Unashikilia batani hadi taa nyekundu iwake, kisha unaielekeza rimoti kwenye mashine na kubonyeza ya kuzima, tena na tena. Kila ukibonyeza, rimoti inajaribu namba nyingine. Mashine ikizimika, acha hapo hapo. Ukipitiliza, unaanza upya.

"Ni ngapi?" mama mkwe aliuliza.

"Nyingi, Hooyo."

Akasogea, akaiweka tasbihi juu ya goti. Mimi nabonyeza, yeye anasogeza punje. Midomo yake haikujua namna nyingine ya kusogeza punje, kwa hiyo kila nilipobonyeza alisema subhanallah. Sijui malaika waliandika nini siku hiyo na kwa jina la nani. Tulizunguka tasbihi nzima, tukaanza ya pili. Dole gumba langu lilikufa ganzi. Kisha taa ya deki ikazimika, nami, kwa kuwa kidole kilikuwa kimeshazoea, nikabonyeza tena.

Mama mkwe aliniita jina ambalo sitaliandika. Lakini alikuwa ameibana punje ile kati ya vidole viwili, na hakuiachia, akihesabu kwa mkono wa pili, mpaka nilipoiwasha deki tena, nikaanza upya na tukazunguka hadi kuifikia. Safari hii alinishika mkono. Taa ikazimika. Tuliacha.

Niliiwasha deki. Nilijua kwamba kilichotakiwa ni kubonyeza batani ya kutoa kanda, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa amana. Nilibonyeza ya kucheza.

Nilitegemea mvua, mlango na mkono kwenye komeo. Badala yake yakatokea maandishi ya Kihindi yanayopanda juu, nyuma yake bustani, na wimbo unaomalizika. Kisha weupe, na kelele ya kanda iliyokwisha. Nilidhani rimoti mpya imekosea. Nikamgeukia mama mkwe. Alikuwa anaitazama tasbihi kana kwamba mojawapo ya punje imemkopa kitu.

"Tuliimaliza," alisema.

"Nani?"

"Mimi na yeye. Umeme ulirudi asubuhi ile, wewe uko kwa dada yako. Alisema tutaangalia kidogo tu. Kisha lori likapiga honi na alikuwa hajairudisha nyuma, kwa hiyo akaitia rimoti mfukoni. Alisema akirudi atairudisha mahali pake kabla hujajua."

Ndipo nikaelewa. Hakuwa amesahau. Aliichukua rimoti hadi Hadado ili nisimkamate.

"Mwizi," nilisema.

Mwanamke aliye edani hamsemi vibaya marehemu wake, na mama yake amekaa pale pale. Nikasema tena, "Mwizi wa sinema. Mungu amrehemu."

"Mungu amrehemu," alisema mama mkwe. "Alianza mdogo. Alikuwa akila nyama kwenye sahani yangu nikiwa nimefumba macho kwenye dua."

Hapo nililia. Miezi yote ile nilikuwa nimelia kwa zamu, wageni walipohitaji. Kilio hiki kilikuja na makamasi na hasira, nikiwa nimeshika kitu kinachofanana na kandambili, na mama mkwe hakuniambia nisubiri wala nimshukuru Mungu. Alinipa ncha ya mtandio wake nipengee.

Nilipomaliza niliuliza kama yule dada alifungua mlango.

"Irudishe," alisema. "Mimi sisemi kitu."

Niliirudisha. Deki ililia kwa muda mrefu. Niliisimamisha mara tatu, nne, mpaka nikaiona mvua. Tukaangalia, wajane wawili katika nyumba isiyo na sinema, mlango wa ua umefungwa kwa kitasa. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa kiganja asije akatoboa siri, lakini kicheko kilimtoka kabla sehemu ya kuchekesha haijafika.

"Hapa," alisema. "Hapa alicheka mpaka chai ikamtoka puani."

Ikafika. Alikuwa mlinzi mnene aliyekwama dirishani. Nikacheka nami, nikijua mahali gani hasa palimchekesha. Baadaye kidogo, kaka amepigwa risasi na ameanguka, mama mkwe akaniambia, "Hapa alisimama akasema, huyu hafi, bado hajaimba." Kaka akainuka, akaimba. Alinionyesha hivyo hadi mwisho: hapa alinyamaza, hapa aliniuliza nani ni nani, hapa alienda kuchungulia kama umerudi.

Filamu yenyewe ilikuwa mbovu. Mlango ulifunguliwa, ilibainika kwamba kaka hakufanya kosa lolote, na kila mtu alipona, hata baba aliyepigwa risasi mwanzoni.

Kanda ilirudi kwa mwenyewe wiki hiyo, mama mkwe aliipeleka. Mwenye duka alikuwa na sheria kwamba kila kanda irudishwe nyuma mpaka mwanzo, na ameiandika ukutani kwa rangi nyekundu. Hiyo niliirudisha nyuma mpaka kwenye mlango wa yule dada tu, pale mume wangu alipotaka kuirudisha.