Misiba ya Desemba ya Kocha Pompiliu

Mjomba Pompiliu Lupașcu alifunga bao moja tu katika ligi kuu, na alilifunga kwenye goli la timu yake mwenyewe. Ilikuwa dakika ya themanini na nane, mpira wa kona, kichwa. Ukimtania hakasiriki. Anakuuliza tu, "Lakini ulisikia nilivyoruka?" Na kweli, wazee wa mtaani kwetu waliokuwepo uwanjani siku ile wanasema aliruka vizuri mno, kipa hakupata hata nafasi ya kulaumu.

Nayajua haya si kwa undugu, ni kwa sababu tunatumia ngazi moja. Mimi na mwanangu Anghelina tuko ghorofa ya kwanza, yeye na mkewe, Shangazi Veturia, wako ya tatu, katika jengo la mwisho nyuma ya kilichokuwa kiwanda cha nguo. Timu ya kiwanda ndiyo aliyoichezea miaka kumi na moja, beki wa kulia, kabla ya ule msimu mmoja wa ligi kuu. Goti likamwachisha mpira, akasomea ukocha. Na kwa kuwa mji wetu una makocha wengi kuliko timu, akafunga sanduku akaenda kutafuta nje.

Alifundisha Kupro, akafundisha Kuwait, akafundisha Jordan. Kote huko mambo yalikwenda kwa namna ileile. Julai anafika, wachezaji wanamcheka kwa anavyowakimbiza. Oktoba hawacheki tena. Mwishoni mwa Novemba timu inaongoza ligi, na magazeti ya huko yanamwita profesa. Halafu inafika Desemba.

Kwetu tarehe ishirini Desemba ni siku ya nguruwe. Kila mwenye banda anachinja siku hiyo, na mwanamume wa nyumba asipokuwepo watu wanamsema mpaka Pasaka. Mjomba Pompiliu aliomba ruhusa ya siku tatu, akakaa kumi na sita. Akirudi kazini, suruali ya mazoezi haifungi kiunoni na timu imeshuka hadi nafasi ya sita. Mwisho wa Januari tulisikia magurudumu ya sanduku yakigonga ngazi moja moja kupanda juu. Mume wangu alikuwa akisema, "Kocha amerudi. Sasa baridi ndiyo baridi."

Kule Kupro alisema ukweli, wakamcheka, wakamleta kocha mwingine. Kwa hiyo alipofika kwa Waarabu akaona aibu.

"Nitamwambiaje mtu wa Kuwait kwamba naacha timu kileleni kwa ajili ya nguruwe?" alimwambia mume wangu. "Nimewaambia Ghiță amefariki. Si uongo. Kwani hakufariki?"

Ghiță ndilo jina tunalowaita nguruwe wote hapa kwetu. Anakufa huyu, anakuja mwingine, jina ni lilelile. Jordan alikaa misimu mitatu, na Ghiță akafariki mara tatu: mara ya kwanza alikuwa mjomba, mara ya pili binamu, mara ya tatu baba wa ubatizo. Mwenyekiti wa klabu hiyo, Daktari Nawaf, ni daktari wa meno aliyesomea hapa nchini, mjini Iași, na lugha yetu anaizungumza pamoja na matusi yake yote. Mtu mstaarabu sana. Kila mwaka alimpa ruhusa na mkono wa pole, na boksi la tende kwa ajili ya wafiwa. Zilikuwa tende nzuri. Tulizila ngazi nzima, na kichwa cha marehemu kikiwa palepale mezani.

Januari ya tatu kamati ya klabu ikachoka, ikamwondoa, mwenyekiti mwenyewe akiwa safarini. Shangazi Veturia alimpokea mlangoni, akamwambia mbele yetu sote, "Ukienda tena, Pompiliu, nabadilisha kitasa. Utaenda kukaa kwa hao unaowafundisha kurusha mipira."

Akabaki. Mwaka ukapita, ukaja mwingine hadi Agosti. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na simu yake ikawa kimya. Mimi nikianika nepi nilimwona kwenye balkoni yake akiyapanga kwa macho magari yaliyoegeshwa chini, anasema peke yake, "Huyo mwekundu amebana sana katikati." Kila Jumatatu alipiga pasi suruali ya mazoezi. Hakuna mazoezi, lakini mstari wa pasi umenyooka.

Basi Jumanne moja akagonga mlango wangu. Nilikuwa nachoma pilipili hoho na bilinganya juu ya bati la jiko, za kutengeneza zacusca, rojo la mboga tunaloliweka kwenye chupa kwa ajili ya baridi. Moshi umejaa, Anghelina ameketi sakafuni na kaptula tu, anatafuna kijiko cha mbao. Mjomba amevaa shati jeupe na tai, na chini kandambili.

"Mwanangu, mtandao wako bado una nguvu?"

"Una nguvu, Mjomba." Mume wangu yuko Ujerumani kwenye ujenzi, na nikikosa kumwona kila siku silali, ndiyo maana nimeunganisha ule mzuri.

"Daktari Nawaf anapiga saa nne. Kamati imevunjwa, ananitaka tena. Ni hii au basi, binti. Mtu wa miaka sitini na mmoja haitwi mara mbili." Akachungulia chini. Kwenye benchi mbele ya ngazi, chini kabisa ya dirisha langu, Shangazi Veturia alikuwa anamenya maharage pamoja na majirani wawili. "Yule asisikie. Akisikia kabla sijasaini, nimekwisha." Akafunga dirisha.

"Mjomba! Nachoma pilipili! Mtoto ataiva!"

"Upepo, binti. Upepo ukimpitia mtoto kwenye sikio, utajuta."

Hapa kwetu ukisema upepo umempitia mtoto, hakuna anayebisha. Nikamlowanisha Anghelina kichwa kwa maji, nikaendelea kugeuza pilipili.

Simu ikaita saa nne kamili. Niliiegemeza kwenye mtungi wa siki. Daktari Nawaf alitokea na koti jeupe, nyuma yake bango la meno makubwa.

"Kocha wangu! Mbona unatoka jasho hivyo? Unaumwa?"

"Mzima kabisa, Daktari. Ni shauku."

"Na huo moshi?"

"Shauku," akasema tena, kwa kuwa hakuwa amejiandaa kwa swali hilo.

Wakazungumza mpira. Nami niliona kitu ambacho mwaka mzima na nusu sikukiona: mgongo wake ulinyooka. Akachukua pilipili zangu, zile ambazo bado mbichi, akazipanga mezani, nne nyuma, bilinganya golini, akaeleza jinsi atakavyobana upande wa kushoto. Alizisukuma kwa kidole polepole kama mtu anayepapasa shavu la mtoto. Anghelina aliacha kijiko akamtazama.

Mara sauti ikatoka chini.

"Wewe msichana! Unachoma pilipili umefunga dirisha?"

Mjomba akaniwekea kidole mdomoni. Mdomo wake, si wangu.

"Upepo, Shangazi!" nikajibu kupitia kioo.

"Upepo gani? Jani halitikisiki!"

"Unakuja!"

Nikachungulia. Kwenye benchi walikuwa wamebaki wawili, na bakuli la maharage liko peke yake. Nilitaka kumwambia Mjomba, lakini alikuwa katikati ya sentensi, akifanya mashambulizi kwa pilipili ya njano. Nikakumbuka pia kwamba mlango wangu sikuufunga kwa ufunguo. Nisiseme uongo: ningeweza kwenda kuufunga. Sikwenda.

"Nimeridhika," akasema Daktari Nawaf. "Swali moja tu. Kombe linaanza tarehe kumi na nane Desemba. Katika ukoo wako, kuna mtu yeyote anayeumwa?"

"Wote wazima, Daktari."

"Ghiță?"

"Ghiță..." Mjomba akalegeza tai. "Hao nadhani wamekwisha."

"Pompiliu. Nilipanga miaka sita Iași kwa bibi mmoja, Bibi Aglaia. Kila mwaka alikuwa na Ghiță, na kila mwaka Ghiță alifariki tarehe ishirini Desemba, alfajiri, kwa makelele. Mimi nilikuwa najifungia chumbani na vitabu vyangu vya meno, lakini jina nililisikia."

Mjomba akawa na rangi ya pilipili iliyoiva. "Kumbe ulijua? Tangu mwaka wa kwanza?"

"Tangu dakika ya kwanza."

"Na zile tende?"

"Ungeona aibu kama ningesema. Na halafu, nilitaka kujua mwaka wa nne atakufa nani."

"Mwaka huu hafi mtu," ikasema sauti nyuma yetu.

Shangazi Veturia alikuwa amesimama mlangoni, aproni imejaa maganda ya maharage. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Mjomba aliruka vizuri mno.

"Veturia, nilikuwa namsalimia tu Daktari..."

"Na tai?" Akanipita, akafungua dirisha, akamnyanyua Anghelina kumweka penye hewa. "Hafi mtu kwa sababu hakuna wa kufa. Banda ni tupu."

"Tupu vipi? Jana jioni umetoka kumlisha!"

Banda lao liko kwenye kiwanja cha marehemu mama yake Shangazi, mwisho wa mji, na kila alasiri tulimwona akienda na ndoo.

"Nimelisha nini? Sikununua mwaka huu. Tangu Machi unaniuliza Ghiță yukoje, nakujibu mzima. Miezi mitano! Hujavaa viatu hata siku moja uje umwone huyo mzima."

"Na ile ndoo?"

"Ndani mna blanketi. Nalala chini ya mzabibu, saa mbili, peke yangu. Sijawahi kulala vizuri hivyo tangu unioe."

Majirani wawili wa benchini walikuwa wameshafika ngazini, nasikia wakicheka kwa pua. Mjomba alikaa kwenye kiti. "Mwaka usio na nguruwe," akasema, kama mtu anayesoma matokeo mabaya gazetini. "Watu watasema nini?"

"Watasema Veturia amepumzika. Nina miaka hamsini na nane, nimelisha nguruwe thelathini na mmoja, na wewe hukulisha hata mmoja. Siku yenyewe unasimama na glasi mkononi, unawapanga kaka zangu kama ukuta wa kuzuia mpira wa adhabu. 'Mihnea, songa kulia.' Ulipokosa ndege mwaka ule wa theluji, walimaliza kabla ya saa tatu!"

Daktari Nawaf alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika.

Mjomba aliokota pilipili moja mezani, akaigeuzageuza. "Mimi sikuwa nakuja kwa ajili ya nguruwe," akasema taratibu.

Wale wa ngazini wakaingiza vichwa ndani.

"Najua," Shangazi akasema. "Lakini ungesema. Timu tatu umeziacha zinaongoza, kisa Ghiță. Ungemwambia Daktari ni mimi niliyekufa, angalau ningekula tende zangu kwa haki." Akajifuta mikono, akavuta kiti, akajiweka mbele ya simu, mumewe akabaki kuonekana sikio tu. "Daktari, habari za kazi?"

"Nzuri, mama."

"Nyumba unayompa ina vyumba vingapi?"

"Vitatu."

"Jiko lina dirisha?"

"Mawili, mama."

"Basi tutakuja wawili. Pasipoti ninayo. Nilipiga picha Aprili, siku mojawapo ya kumlisha Ghiță." Akamgeukia mumewe. "Sema ndiyo, Pompiliu. Daktari ana wagonjwa."

Mjomba akatuangalia mmoja mmoja mpaka Anghelina. Halafu akasema ndiyo, kwa sauti ndogo sana kwa mtu ambaye husikika uwanja mzima. Na simu ilipokatika, Shangazi akamwambia asitoke bado, amechafua pilipili za watu kwa mbinu zake, azioshe zote.

Waliondoka wiki ya kwanza ya Septemba. Nilishika ufunguo wao wa nyumba, kitasa kilekile, nikawa nawamwagilia maua.

Tarehe ishirini Desemba mtaa wote ulinuka moshi wa majani makavu na ngozi iliyobanikwa. Timu ya Mjomba ilicheza kombe mchana huo, na kocha wake akiwepo tangu mwanzo mpaka mwisho, ikafungwa tatu bila. Nilipiga simu kutoa pole. Shangazi alipokea, uso umepata jua, ana kitambaa kipya cha kichwani.

"Tatu, binti, na mbili ni za kipuuzi. Yule winga wa kushoto halali mapema, nimemwambia Pompiliu hata kabla ya mechi. Macho mekundu hivi! Mama yake nimeshaongea naye."

"Na Mjomba? Anajisikiaje leo? Siku kama ya leo?"

Aligeuza simu nione. Mjomba alikuwa kwenye balkoni na vijana watatu wa timu, wamekaa juu ya mikeka, katikati yao sahani kubwa ya wali iliyobaki nusu. Alikuwa amepanga vikombe vya chai kwenye sakafu, anavisukuma kwa kidole, kimoja kimoja, nao wameinamisha vichwa. Nikamwita. Hakusikia.

"Muache," Shangazi akanong'ona. "Yuko kazini."