Bride ya Meza Mbili

Siku yangu ya kwanza ya kazi, habakunipa uzi. Masera Direktrise, sista mukubwa wa foyer ya Kilwa, ile Kilwa yetu ya Congo, upande ingine ya ziwa Mweru, aliniambia nitoe mikono. Nikatoa. Akaigeuza, akanusa, akanituma nikanawe tena, juu mama yangu alikuwa muuzaji wa samaki na asubuhi ile nilimusaidia kupasua. Nilinawa mara tatu. Mara ya tatu alifunga macho kidogo, akasema basi, uzi nyeupe haitapenda lakini itazoea. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ninyi batoto ba leo mungekasirika na kurudi nyumbani. Mimi nilibaki mu kazi ile karibu miaka makumi ine.

Foyer ilikuwa nyumba ya kufundishia bamama na babinti kazi ya mikono. Masera alikuwa juu, chini yake Monitrise, ni kusema mwalimu, mwanamuke mufupi mwenye kuvaa saa ya wanaume, na chini ya Monitrise sisi benye kujifunza. Yeye njo alitupa krosheti, kale kachuma kenye pua ya kupinda. Mwezi muzima ilikuwa sheneti tu, ile munyororo ya bitanzi yenye kila kitambaa inaanzia. Nyuma ikakuja maye sere, fupi na ya nguvu, ya kofia na mifuko. Nyuma bride, yenye sisi tunaita bridi, ndefu kidogo. Na juu ya yote, double bride, ndefu kabisa, ya bitambaa bya meza na bya altari, yenye kuacha hewa ipite.

Kuifanya ni hivi. Unazungusha uzi mara mbili pa krosheti, unaingiza krosheti mu shimo, unavuta uzi: sasa uko na bitanzi bine. Unapitisha uzi mu bitanzi mbili, tena mbili, tena mbili. Ni ile tu. Na kila ukigeuka kuanza mustari mupya, unapanda na sheneti ine, na zile ine zinahesabika sawa double bride ya kwanza. Ukisahau, kitambaa inapanuka, na asubuhi unashangaa nani aliongeza.

Kusema ni kwepesi. Zangu zilitoka fupi na kuinama, sawa batu benye kutoka pa pombe. Nilifikiri dawa ni nguvu, nikavuta, nikavuta tena, mpaka kidole ikakatika na uzi ikapata damu. Monitrise alisimama nyuma yangu siku tano, akiangalia mukono yangu. Siku ya sita akasema:

— Odeti, uko unanyonga uzi. Haikukukosea kintu.

Akanifundisha kulegeza mukono. Nyuma ya wiki mbili, double bride yangu ya kwanza ilisimama. Nililia, siogopi kusema. Nilifika nyumbani na macho nyekundu, mama akafikiri bamenifukuza, akaanza kufunga kitenge aende kugombana na masera.

Monitrise alipoolewa Likasi, Masera akanipa mimi kengele ya foyer na jina ya Monitrise. Nyuma ya miaka mingi balinituma Pweto, chini ya Direktrise mwingine, mwenye kuhesabu mikasi kila saa ya kufunga na kutuangalia sawa tunaikula. Nilifundisha pale mpaka vita ikafika. Tulivuka ziwa, mimi na binti yangu, mu mutumbwi ya bafanya-biashara ba samaki, krosheti mu nywele chini ya kilemba. Ku Kenani, kambi ya kwanza ya bakimbizi upande ya Zambia, balituandika na kutuuliza kazi. Nikasema monitrise. Yule muzambia mwenye kuandika aliniangalia na heshima, akaandika. Kesho yake balikuja kuniomba niombee mugonjwa. Kumbe alisikia «minister», akaandika mimi ni muchungaji. Nikamuombea, ningefanya nini? Na alipona.

Mantapala, kambi yenye balituhamishia, njo ilikuwa poste yangu ya mwisho. Balitupa kanyumba ka mabati, tukaita ateliye, nyumba ya kazi ya mikono, bamama kumi na mbili kila siku nyuma ya kazi ya shamba. Mukubwa wetu alikuwa Madamu Koodineta, binti muzambia wa akili, mwenye kusema Kibemba, Kingereza, na Kiswahili ya soko. Nyuma ya mwaka moja alinikalisha chini, akaniambia wazi: biro ya juu, ofisi ya bakubwa yake, inataka kanyumba kale kawekwe mbegu. Kama mbele ya mwisho wa mwezi hakuna mutu wa inje mwenye kuagiza kazi yetu na kuridhika, ateliye inafungwa.

Niliogopa kuliko bengine, na nitasema sababu. Jicho yangu ya kushoto ilikuwa inaanza kushika ukungu. Bamama bale balijua maye sere, balijua bride ya kawaida. Double bride, hakuna. Mwenye kuijaribu alikuwa moja tu, Mama Faida, mulimaji wa mihogo, mwanamuke wa mikono minene na roho ya pole. Miezi miwili alifanya na kufumua, kufanya na kufumua. Zake zililala. Kila siku nilimwambia asinyonge uzi, alegeze mukono. Alilegeza, zikalala zaidi. Nilisema mu roho yangu, huyu hataweza, na kama ateliye inafungwa, hii kazi inakwisha na macho yangu.

Basi Mungu akaleta komande, mutu wa kuagiza kazi. Madamu Hedi, mukubwa wa shule moja pale Nchelenge, alikuwa anaoza binti yake, na alitaka kitambaa nyeupe ya meza ya arusi. Koodineta alileta uzi, akaniachia karatasi juu alikuwa na mbio ya kukamata basi ya Mansa. Kingereza sijui kusoma. Lakini niliona pale pa karatasi, maneno mbili, wazi kabisa: Bride, double. Nilifurahi. Nikawaambia bamama, muone, hata Bazambia banajua double bride, ni vile tu banageuza maneno kinyume. Nikafanya mwenyewe, siku kumi, saa za nyuma ya shamba tu, meza moja, nzuri ya kuonyesha masera. Uzi ilibakia nusu muzima. Nikasema huyu Madamu Hedi ana mukono wa kutoa.

Koodineta alirudi jumatano, arusi ni jumamosi. Alikunjua kitambaa, akasifu, akaendelea kukunjua, akatafuta mu kikapu. Akaniangalia.

— Bamayo, hii ni ya meza moja. Nabwinga anakaa pa meza mbili.

Ku Kibemba bamayo ni mama, na nabwinga ni bibi arusi. Njo nikaelewa polepole, sawa mutu mwenye kuamushwa. Bride ya Kingereza haiko bridi yetu. Ni bibi arusi. Double ni mara mbili. Alitaka kitambaa ya bibi arusi, urefu ya meza mbili, na mimi nilimufanyia meza moja ya double bride. Donke, ni kusema miaka yote nilikuwa nashona mabibi arusi na krosheti. Mutu mwingine angecheka. Mimi nikakaa chini pa mukeka.

Tulihesabu. Ilibakia urefu ya meza muzima, na siku mbili na nusu. Maye sere ingetushinda, inapanda polepole. Double bride ni ndefu, mustari moja inakupa karibu upana ya kidole moja. Kama batu babili bangekaa, moja ku mwisho ile nilifungia, mwingine ku sheneti ile nilianzia, na kila mutu akapanda upande yake, ingewezekana. Lakini batu babili balipaswa kufanya sawa mukono moja. Kama upande moja iko inasimama na ingine inalala, hata kipofu ataona. Niliita Faida juu hakukuwa mwingine.

Nilimwambia afanye mustari moja mbele yangu. Mara ya kwanza tangu miezi miwili nilinyamaza, nikaangalia vidole vyake. Uzi ilikuwa inapita pale sawa haina mwenyewe. Hakuwa ananyonga hata kidogo, hakupata kunyonga tangu azaliwe. Ugonjwa ya kunyonga ilikuwa yangu mimi, ya Kilwa, na miezi miwili nilikuwa namunywesha Faida dawa yangu. Nilisikia haya mbaya.

— Faida, sahau yote nilikwambia. Vuta. Vuta vile unang'oa muhogo.

Aliniangalia sawa nimechanganyikiwa. Akavuta. Double bride ikasimama. Akafanya ingine, ikasimama. Akaanza ya tatu bila kuniuliza, na mimi nikageuka kando nijifanye natafuta mikasi.

Jumatano mpaka giza, alhamisi, ijumaa, tulikaa hivyo, yeye mwisho ule, mimi mwisho huu, kitambaa kati yetu pa mukeka. Bamama bengine balilima mashamba yetu, balitupikia bukari, ugali yetu, balitulisha na mikono yao tusichafue uzi. Jicho yangu ilipochoka nilihesabu na kidole. Ijumaa, jua ikielekea kushuka, Faida akakata uzi yake, na mimi nikakata yangu.

Ku makaratasi ya biro, nilipumuzika kazi mwisho wa mwezi ile, na kale kanyumba ka mabati kalibaki kwetu, mbegu ziliwekwa kwengine. Sasa nakaa Nchelenge kwa binti yangu, karibu na bandari, jicho ya kushoto imefunga. Ninyi munauliza kama kazi inanikosa, kama niko na hamu yake. Hapana, hainikosi. Kintu yenye ningependa mujue ni kwamba mwalimu aangalie mukono ya mutu mbele ya kufungua kinywa. Mimi nilijua ile nikiwa muzee, na karibu nichelewe. Lakini siku yenye niliacha kazi kweli haiko ile ya biro. Ni jumamosi ile ya arusi.

Balitandika kitambaa pa meza mbili, mu salle, ukumbi ya arusi, mbele ya batu. Koodineta alikuwa amemueleza Madamu Hedi yote, na mama yule alicheka mpaka akatoa machozi, akanikamata mukono, akasema kitambaa ni vile alitaka. Nabwinga akakaa. Mimi nilitaka kuona mwisho yangu tu, nijue imekaa sawa. Nilizunguka meza mara mbili, nikainama huku, nikainama kule, nikapapasa na vidole. Nikaenda pa Faida pale pa mulango.

— Faida, mwisho yangu ni gani?

— Mama Monitrise, na mimi nilikuwa nakuja kukuuliza.