Mipira ya Bei Mbaya

Mtu anayemnunulia mwanagenzi mipira ya gofu ya bei mbaya ana lake jambo. Nasema hivi nikiwa na ushahidi, kwa sababu mwanagenzi mwenyewe nilikuwa mimi, mnunuzi alikuwa baba mkwe wangu, na kwa miezi minane nilikuwa mfungwa wa boksi moja lenye mipira kumi na miwili.

Mimi ni fundi wa friji, kwetu ni Ushirombo. Nilioa Kahama, binti wa mzee wa Kisukuma aliyekuwa dereva wa yale magari ya mgodini ambayo tairi lake linamzidi mtu kimo. Mama mkwe alifariki kabla sijaoa, kwa hiyo sikumkuta. Mwenye nyumba niliyopanga mjini alipoitaka nyumba yake, mzee akasema tuhamie kwenye vyumba viwili vilivyoko uani kwake, pembezoni mwa mji, kwa muda tu mpaka tupate pengine. Muda ule ukazaa mwaka, na mwaka ukazaa mwingine. Mwanaume kukaa ukweni ni aibu isiyohitaji maelezo. Mafundi wenzangu hawakunihurumia hata kidogo. "Umeolewa wewe," walikuwa wakiniambia. "Mahari yako ilikuwa ng'ombe wangapi?" Nilicheka nao, ila nikirudi nyumbani nilikuwa sili vizuri.

Gofu mzee aliipatia mgodini. Ndani ya uzio kulikuwa na kiwanja kidogo cha wageni, na siku wageni walipopungukiwa na mtu wa kucheza naye walimwita yeye, kwa sababu alikuwa mtu wa kunyamaza na hachoki. Alipostaafu walimpa mfuko wa fimbo zilizokwisha kazi. Wenzake wakistaafu hununua bajaji au hufungua duka la vipuri. Yeye alikwenda kufyeka ngitili yake. Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga, ng'ombe wasikanyage mpaka kiangazi kikikaza, ili nyasi ziwe akiba. Ndugu zake walidhani amepatwa na kitu. Alifyeka njia tano kati ya migunga, mwisho wa kila njia akachimba shimo, na kulizunguka akamwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gereji ili upepo usiupeperushe. Ilikuwa kazi safi, sitamnyima haki yake. Alichokosa ni mtu wa kucheza naye.

Jumamosi moja akaniita. Boksi lilikuwa juu ya kigoda, kando ya kiti chake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe. Kaa. Nimekuagizia kitu."

Alikuwa amemwagiza mzungu mmoja aliyekwenda likizo kwao. Mipira ilipangwa mitatu mitatu, myeupe pe, inateleza mkononi kama yai lililomenywa. Baadaye mke wangu aliniambia boksi lile lilikuwa bei ya mbuzi wawili, na nikajuta kuambiwa.

"Baba, mimi hata fimbo sijawahi kuishika," nikasema. "Si ningeanza na ya kawaida?"

"Ukianza na kibovu, mkono unajifunza ubovu. Hii ya kwangu iliyochubuka inanitosha mimi mzee. Wewe anza na kizuri."

Zawadi ya mkwe hairudishwi. Nilipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikashukuru, na tangu siku hiyo Jumamosi zangu zote zikawa zake.

Sasa nieleze kwa nini mipira ile haikunifaa, maana nimelifikiria jambo hili kuliko mtu yeyote wa Kahama. Kwa mila zetu mkwe humpi mgongo. Humtazami usoni, humkatizi mbele, huli naye sahani moja, na kuinama mbele yake ukamwonyesha makalio ni balaa. Gofu yote ni kuinama. Kila nilipotaka kupiga, mzee alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama mkono wangu kwa makini ya mwalimu, na mimi, kwa adabu, nilikuwa najipinda kiunoni ili angalau nimpe ubavu. Mtu aliyejipinda hivyo akipiga, mpira unakwenda kulia. Wangu ulikuwa unaanza vizuri, unanidanganya hatua hamsini, kisha unakata kona na kuingia migungani. Mzee alidhani tatizo ni kiwiko. Miezi minane alinirekebisha kiwiko. Nami ningemwambiaje kwamba tatizo ni heshima?

Mpira wa bei mbaya unasikia sana. Hili niliambiwa na mfanyakazi mmoja wa mgodini niliyemtengenezea friji, mchezaji wa muda mrefu, na nikaliona mwenyewe. Ngozi yake ni laini, unashika kila kitu fimbo inachouambia. Mchezaji hodari anauambia simama, unasimama. Mwanagenzi mkono wake unasema upuuzi, na mpira unautii upuuzi wote, neno kwa neno. Ule wa bei nafuu ni mgumu, nusu kiziwi. Ukiukosea unaudharau mkono wako na kwenda zake mbele, karibu na pale ulipotaka. Kwa anayeanza, kiziwi ndiye rafiki.

Tena kuna hofu. Mtu anayejua kwamba kitu kilichoko mbele ya fimbo yake ni mguu mzima wa mbuzi hawezi kupiga kwa moyo mmoja. Nilikuwa nagusa tu, kama mtu anayeamsha mtoto.

Lakini hayo yote yangevumilika. Kisichovumilika kilikuwa kutafuta. Mzee alikuwa na sheria moja, kwamba mpira wa namna ile hauachwi. Ukiingia kwenye miiba tunaingia nao. Alikuwa anakata fimbo mbili za mti, yangu na yake, tunapekua nyasi kichaka kwa kichaka, yeye upande huu na mimi ule, saa nzima, wakati mwingine mbili. Mashimo matano ambayo mtu angeyamaliza kabla chai haijapoa yalikula mchana wetu mzima. Nilikuwa narudi mikono imechanika, na wateja wangu wa Jumamosi wamekwenda kwa fundi mwingine. Wakati wa kutafuta ndipo mzee alipokuwa akizungumza, habari za ng'ombe, za mvua, za marehemu mkewe. Mimi niliitikia "ndiyo baba" huku nikiwaza namna ya kutoka.

Nilijaribu ujanja. Stendi ya Kahama kuna mama anauza vikorokoro, na ndani ya beseni lake mna mipira ya gofu ya kuokota, migumu, imekwaruzika. Nikanunua kadhaa. Jumamosi iliyofuata nikautoa mmoja kana kwamba sijui lolote. Nilipoupiga tu, mzee akainua kichwa.

"Huu si ule," akasema. Alikuwa ameujua kwa mlio. Akaufuata, akauokota, akautia mfukoni mwake, akaninyooshea mmoja wa boksi. Hakukasirika wala hakuuliza. Na ule wa beseni, nisisahau kusema, ulikuwa umekwenda mbele, sawasawa, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Ikaja kazi ya Mwanza. Kiwanda cha samaki kilitaka fundi wa vyumba vya baridi, mkataba wa kueleweka na nyumba ya kuishi. Waliniambia watanipigia Jumatatu ya mwisho wa mwezi kupata jibu, na nisipokuwa na jibu watamchukua mwingine. Mke wangu alifurahi mpaka akafunika uso kwa khanga. Alipoufunua alikuwa amekwisha kubadilika.

"Utamwambia wewe," akasema. "Mimi nikimwambia nitalia, na nikilia atasema tubaki, na akisema tubaki mimi nitabaki."

Mambo ya ukweni yana mlango wake, na mlango huo ni mshenga. Mshenga wangu alikuwa mjomba wangu, ambaye siku hizi ana karasha ya kusagia mawe ya dhahabu kule Rwamgasa. Nilimpigia simu siku nne mfululizo kabla hajapokea. Akaja Jumamosi, amenyoa ndevu, ana sukari na sabuni kwenye mfuko, uso umekazwa kwa ajili ya jambo zito. Mzee alimkaribisha, wakasalimiana kwa Kisukuma na kuulizana habari za mvua, kisha akampa fimbo.

Kufika saa tisa mjomba alikuwa amepeleka mipira miwili miibani, amechana suruali yake ya ugeni, na anacheka mpaka machozi. Walikuwa wamepiga magoti wote wawili kwenye nyasi, wanabishana mpira ulipitia wapi. Nilimsindikiza stendi nikiwa na hamu ya kusikia jibu.

"Mzee wa watu ana furaha namna ile," akasema, "nimwambie nini mimi? Mwambie mwenyewe." Akapanda basi la Geita akaniacha nimesimama na mfuko wake mtupu.

Ikabaki Jumamosi moja. Niliapa kwamba nitasema kwenye shimo la kwanza, nikasogeza hadi la pili. Kwenye njia ya tatu mpira ukakata kona yake ya siku zote ukaingia kwenye kichaka kinene kuliko vyote. Tukaingia. Jua lilikuwa kali, mwiba ukanipasua sikio, na nilikuwa nimepiga magoti huku nikijiuliza mwanaume wa umri wangu anafanya nini pale.

"Baba," nikasema, "tuuache huu. Nitanunua mingine, hata mia, ile ya beseni."

Mzee hakuinua kichwa. "Ule wa beseni ungepotea tungeuacha."

"Ndiyo baba. Ndiyo faida yake."

"Tungeuacha, tungemaliza mashimo yote kwa saa moja, wewe ungerudi kwa mkeo." Akapekua nyasi kidogo. "Na mimi ningerudi kwa nani?"

Nikakunja tawi moja la miiba, nikachungulia chini yake.

"Gari la mgodini nimeliendesha miaka, mkwe, peke yangu mule ndani zamu nzima. Sikujua upweke ni nini. Nimeujulia hapa nyumbani, kweli gete, tangu mama yenu aondoke. Mpira wa bei mbaya lazima watu wautafute. Nikasema huyu kijana nitampa huo."

Nasema kweli, nilichosikia kwanza ni hasira. Nilijiona kanga aliyenaswa kwenye kitanzi, tena kitanzi nilichokishukuru kwa goti. Miezi minane ya kiwiko! Huruma ilikuja, lakini ilichelewa, na katikati ya hasira na huruma mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Baba, nimepata kazi Mwanza. Tunataka kuhama."

Nilimwambia hivyo hivyo, ana kwa ana, bila mshenga, nikiwa nimemtazama machoni. Fimbo yake ikasimama.

"Nimesikia," akasema. Akainuka kwa kushika goti lake, akachukua mfuko wake, akaondoka. Ndiyo mara ya kwanza kuondoka bila kuupata mpira.

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Ukiwa umesimama au umepiga magoti?"

"Nilikuwa nimepiga magoti, natafuta mpira."

Hakucheka. Jumapili mzee alikwenda misa, akarudi, akala vijiko viwili vya wali na kulala mchana, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Shikamoo zetu aliziitikia, basi. Mke wangu alikunja nguo akazitia kwenye begi, akazitoa, akazitia tena. Mimi nilitamani mzee anitukane, maana ukimya wake ulikuwa unanibana kuliko ile miiba.

Jumatatu asubuhi nilitoka kunawa uso nikamwona. Alikuwa peke yake kwenye kichaka cha njia ya tatu, anapekua. Nilisimama na kopo la maji mkononi, nikaliweka chini nikaenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akasogea kunipa nafasi. Nikavunja kijiti, nikaanza upande wangu. Nilipekua kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo, kana kwamba mpira ule ukionekana kila kitu kitakuwa kimeamuliwa.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Nilijua ni wao. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya miiba na mwingine umeshika tawi, na sikuutoa hata mmoja. Simu ikalia mpaka ikakata. Wakati ule mzee angesema neno moja tu, bakini, ningebaki mpaka nizeeke, na ningemchukia, na ningemwamkia kila asubuhi.

Ikalia tena.

"Pokea," akasema.

"Baba, acha kwanza tumalizie hapa..."

"Pokea simu, mkwe. Huu nitautafuta mwenyewe."

Nikatoa mkono kwenye miiba, nikapokea, nikawaambia tutafika Ijumaa. Wakati nasema hivyo nilikuwa naisikia fimbo yake ikiendelea kupekua nyasi.