Daraja la Reli Sebuleni kwa Mkwe

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya nilipoanza kumchumbia binti mmoja wa Gendabi. Nilikuwa na cheti changu cha masomo ya jioni, na nilikitembeza hadi ng'ombe wa majirani wakajua nimefaulu hesabu. Baba yake hakukijali. Miaka mingi alikuwa mkaguzi wa madaraja ya reli, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa akarudi nyumbani na koti la kazi na nyundo. Sebuleni alijaza meza nzima: milima ya udongo, reli za waya, treni ya makopo ya samaki. Kati ya milima miwili palikuwa na korongo lisilo na daraja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia umesoma. Haya, nijengee daraja hapo. Nikiliridhia, tutazungumza hayo mengine."

Hayo mengine yalikuwa binti yake. Nikakubali palepale, ingawa reli sikuwahi kuiona hata kwa darubini; kuanzia Mbulu hadi Hanang hakuna hata futi moja.

Nikajenga ninachokijua. Nilipanga sakafu pana ya mbao, nikaimwagia changarawe nyekundu, nikainua kuta pande zote mbili. Afrika Mashariki nzima halikuwapo daraja zuri kama lile. Mzee alilitazama, akashika kiuno.

"Kuta za nini?"

"Ng'ombe, baba. Wakipita wasianguke."

"Ng'ombe wa nani anapanda reli?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Binti yake, aliyekuwa mlangoni akipukuchua mahindi, akadakia: "Msomi wetu, umetujengea josho la ng'ombe!"

Mzee akanionea huruma. Chini ya treni hakuna sakafu, akanieleza. Kuna mataruma, yale magogo yanayobeba reli, na kati ya moja na jingine unauona mto huko chini mpaka kizunguzungu kinakushika. Ubavuni vyuma hupangwa pembetatu. Pembetatu! Hiyo niliijua, cheti ni shahidi.

Nikarudi na spoku za baiskeli, nikazifunga kwa waya mwembamba, pembetatu baada ya pembetatu. Nguzo nilizimimina kwa saruji ndani ya maboksi ya viberiti. Kutu niliipaka kwa udongo mwekundu uliokorogwa na chai ya rangi. Mzee alitaka hata kinyesi cha ndege, nikadondoshea chokaa.

Siku ya mtihani treni ilivutwa kwa uzi. Nilibana pumzi kwa muda ambao mtu mwingine angeshazikwa. Ikapita salama. Mzee aliinama, akatembeza vidole viwili juu ya mataruma kama miguu ya mtu. Katikati vikasimama.

"Treni inakuja. Mimi najibana wapi?"

Sikuelewa. Akasema daraja refu huwa na kibaraza kidogo pembeni, mkaguzi akimbilie hapo treni ikimkuta juu. Siku moja yeye alikifikia treni imebakiza hatua mbili. Alisimulia polepole, bila utani, na binti yake, aliyekuwa tena mlangoni na mahindi yake, akaacha kupukuchua. Ilionekana hata yeye alikuwa hajawahi kuisikia hadithi hiyo.

Nikabandika njiti za kiberiti pembeni. Vidole vya mzee vikahamia pale. Akaniashiria nivute uzi. Treni ikapita, vidole vimetulia kibarazani.

"Nimepona," akasema, akaninyooshea mkono. "Wazee wako waje Jumapili baada ya ibada. Na wasichelewe, mimi ni mtu wa reli."